Maige na Minza Hawajaliliwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Katekista Nestory kanipigia simu kutoka Magu. Nestory hapigi bila msiba, kwa hiyo nilitafuta kiti kwanza ndipo nikapokea. Kumbe si msiba! Kuna bibi wa Kizungu, mzee kabisa, anatembelea fimbo, amefika parokiani anamuulizia mtu anaitwa Kabula. Kabula aliyekuwa yaya kwa Bwana Tansley, meneja wa jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba enzi za Mwingereza. Nestory akamwambia Kabula alishatangulia siku nyingi, ila binti yake yu hai, anaishi Mwanza, Pasiansi, kwa mwanawe mwalimu.

Mwalimu ndiyo mimi. Kabula ndiye bibi yangu, mzaa mama.

Nimempelekea mama habari akiwa barazani anachagua mchele. Nilijua atashtuka. Wala! Ameuliza tu — ni Jili? Nikamwambia Nestory kataja jina refu, Gillian. Mama akaendelea kutoa chuya. Halafu akasema, bila kuniangalia: huyo ni mkubwa, mdogo wake alikufa.

Nimeishi na huyu mama maisha yangu yote. Jina la Jili ndiyo kwanza nalisikia leo.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Nimemsindikiza binti yangu Jasmin kumpeleka mtoto. Mjukuu wangu Maige katimiza miezi tisa, leo ilikuwa chanjo ya surua. Foleni mpaka nje ya geti. Jasmin, mtu mzima mwenye digrii yake, kafumba macho sindano ilipotokea, ikabidi mtoto nimshike mimi. Maige kapiga ukelele mmoja wa kuita majirani, kisha akaiona kalamu ya nesi, akanyamaza, akaitaka.

Tuliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni. Miguu imemvimba tena, na daktari alishasema moyo umechoka, asisimame muda mrefu. Yeye kasimama! Akauliza, imewekwa? Imewekwa, mama. Akamchukua mtoto, akamnusa shingoni, akamwambia karibu nyumbani mume wangu.

Jina la Maige alilitoa yeye. Jasmin alikuwa amechagua Alexander, na keki maskini ya Mungu ilishaandikwa. Mama akasema huyu ni Maige, kama hamtaki basi msiniletee nimbebe. Mjomba Chenge, mdogo wake mama anayekaa kule Magu, alipopata habari hakuja kwenye ubatizo, na mpaka leo hajakanyaga hapa. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu jina lile halirudishwi. Nikadhani ni mambo ya mashamba. Kwetu ugomvi wowote ukiuchimba unakuta shamba.

Jumamosi, 7 Juni

Kaja!

Teksi ya hoteli ilimshusha chini barabarani, maana kwetu gari halipandi, ni mawe matupu. Nimeshuka kumpokea na Kiingereza changu cha darasani nimekinyoosha vizuri. Nikataka kumshika mkono. Akanikatalia kwa Kiswahili — "Hapana shika! Mimi napanda mwenyewe." Jamani! Mtu ana miaka karibu themanini na anaongea Kiswahili cha mtoto wa darasa la kwanza. Kimekaa humo kichwani tangu walipoondoka mwaka hamsini na tatu, hakikukua.

Mama alishavaa kitenge cha Pasaka. Jili akafika mlangoni, akavua kofia, akainama na magoti yake mabovu: "Mwangaluka, mayu." Yaani shikamoo ya asubuhi ya Kisukuma, kwa mama mzazi. Mama akaangua kicheko mpaka nikaogopa kwa huo moyo. "Mayu wa nani? Wewe Jili wewe, si tulikuwa tunang'ang'aniana bembea!" Basi wakashikana mikono pale mlangoni, hawaingii, hawatoki, na mimi nyuma na trei ya juisi.

Kala ugali na sato kwa mkono, safi kabisa, na kidole kakilamba. Kamkalisha Maige kwenye mapaja yake magumu, Maige kamvuta miwani. Mama kamwambia huyu mtoto anaitwa Maige. Jili akaachia miwani. Akamuuliza, Maige yetu? Mama akasema ndiyo, Maige wetu.

Halafu akamuuliza mama lile jicho lake la kushoto, lenye kiini cheupe: nani alipiga? Mama akasema hakunipiga mtu, niliugua, ongeza mboga.

Baada ya chakula ndipo Jili akatoa la moyoni. Anataka kujua mambo mawili. La kwanza, kaburi la mdogo wake Robin lilipo. La pili, Kabula alimkasirikia nini. Anasema Robin alipokufa, kesho yake yaya hakuja, wala siku iliyofuata, wala hakuja tena kabisa mpaka wao wakafunga mizigo wakaondoka. Hakuja hata kuaga. "Mimi nakaa ngazi, nangoja Kabula. Kabula hapana kuja." Bibi mzima anasema hivyo. Mimi nimefundisha shule miaka mingi, najua mtoto anayesubiri mtu kwenye ngazi anavyokaa. Nilimuonea huruma kweli.

Mama akakusanya miba ya samaki kwenye sahani.

Kisha Jili akanigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza, maana hilo Kiswahili chake hakikulifikia. Kwamba kwao huko Uingereza, mama yake mpaka anakufa alikuwa akisema Robin aliambukizwa surua na watoto wa yaya. Kwamba ndiyo sababu baba yake akawa mlevi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeruhusu yaya aje kazini na watoto.

Mama akaniuliza, anasemaje? Nikasema, anasifia samaki. Mama akasema, mbona maneno mengi hivyo kwa samaki mmoja.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka misa ya pili. Mama hakutaka kulala mchana. Akaniambia niketi, akasimulia. Naandika alivyosema, nisije baadaye nikaongeza chumvi.

Jili alirudi likizo kutoka shule ya bweni ya Wazungu, kwa treni. Muda si mrefu macho mekundu, mafua, kisha vipele. Mama yake akamfungia chumba cha nyuma, akamkataza Robin kumsogelea. Wazungu walikuwa wanajua kutenga.

Bibi Kabula naye alikuwa na yake anayoyajua. Kwetu ugonjwa ule hautajwi kwa jina, unaitwa tu "ule wa watoto". Kila mtoto lazima aupitie, na heri aupate kwa mwenzake ambaye umemjia mwepesi, maana humwingia hivyo hivyo mwepesi. Ndivyo walivyoamini, na wala hawakuwa wajinga, walikuwa wamewaona wengi wakipona hivyo. Jili wake ulikuwa mwepesi. Alishaanza kudai chakula. Basi mama yake Jili alipolala mchana, bibi akawaingiza wanawe kwa mlango wa jikoni: mama yangu Rebeka, aliyekuwa mkubwa, Maige aliyekuwa ndiyo anajua kukimbia, na Minza mgongoni. Wakakaa chini na Jili wakala uji wa ulezi bakuli moja, kijiko kimoja kinazunguka.

Robin akachungulia. Akaona wenzake wanakula. Akaingia.

Bibi hakumfukuza! Mama anasema anaiona mpaka leo, bibi anasogea, anampa nafasi, anampa kijiko. Alimpenda yule mtoto. Alichokuwa anawapa wanawe akampa na yeye.

Ukawajia wote, na haukuwa mwepesi. Mama ulimchukua jicho. Robin akafa kwanza. Mama yake akakaa kwenye veranda ya jineri akalia tangu asubuhi, sauti inafika mpaka nyumba za vibarua. Maige akafa siku hiyo hiyo. Minza akafuata.

Na kwetu mtoto wa ule haliliwi. Hakuna matanga, hakuna kunyoa, jina halitajwi tena. Anafungwa kwenye nguo, anapelekwa kwenye matete kando ya ziwa jua likiwa bado juu, mama yake anarudi anapika kama siku zote. Ukilia, umeuita urudi kuchukua waliobaki. Mama alikuwa kitandani jicho limefungwa kitambaa. Akaambiwa wewe ndiye uliyebaki, ukilia unajiita mwenyewe. Akang'ata khanga.

"Tulimwonea wivu yule mama wa Kizungu," mama anasema. "Yeye alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yangu alisonga ugali."

Watu wakasema kilio cha yule mama ndicho kilichomaliza watoto wa Kabula. Bibi hakusema hivyo. Bibi hakusema chochote. Ila hakuikanyaga tena nyumba ile, kwa sababu angemtazamaje yule mama, na kijiko alimpa yeye.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Bibi yangu hakumkasirikia mtoto. Aliona aibu.

Nikamuuliza mama anataka nini sasa. Alikuwa na jibu tayari, sijui amekaa nalo tangu lini. Anataka kwenda pale kwenye matete, awataje wadogo zake kwa sauti, awalilie. Kabla hajawafuata. "Watanipokea vipi, Justa, na sijawalilia?" Lakini ardhi ile ni ya Mjomba Chenge, aliyezaliwa baada ya hayo yote, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Bila ruhusa yake haendi. Kilio bila ukoo, anasema, ni kelele tu.

Nimemkumbatia. Amekuwa mdogo jamani, mifupa mitupu. Nikaenda jikoni nikalia, mimi ninayeruhusiwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia mjomba. Shikamoo mjomba. Marahaba, Justa, hamjambo huko, mtoto hajambo? Hata jina la mtoto hakulitaja! Nikamweleza yote, taratibu, kwa adabu zote nilizofundishwa.

Kakataa.

Nikachemka. Nikamwambia mjomba, ule ni virusi, hauna masikio, hausikii mtu akilia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha mwaka themanini na nne, nilikuwa mtoto wa shule. Mwanawe Maganga alikufa kwa ule. Mke wake, marehemu Modesta, alitoka Bukumbi akiwa mtu wa kanisa hasa, akasema mila hizo hazijui, akalia. Wiki haijaisha mtoto wao wa pili naye akafa. Nikasema mjomba, yule wa pili alikuwa ameshaambukizwa, walilala kitanda kimoja. Akasema inawezekana. Inawezekana kabisa, wewe ndiye uliyesoma. Lakini mimi nilizika wawili, na hapa nyumbani wajukuu wamejaa, unataka nijaribu?

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mzee mkaidi, nikamkuta mtu anaogopa.

Nimemwambia mama mjomba anafikiria. Mama akanitazama, akasema Chenge hafikirii, Chenge amekataa, niletee maji ya kuweka miguu.

Na sasa la kwangu mwenyewe, maana hapa hasomi mtu. Nilipokata simu nilienda moja kwa moja chumbani kumgusa Maige paji la uso. Mwalimu mzima! Alikuwa wa baridi kama mtungi, amelala, mdomo wazi. Nikamgusa tena.

Alhamisi, 12 Juni

Jili kaja tena na mkate wa ndizi wa hotelini. Nilikuwa nimepanga kumwambia mimi, kwa Kiingereza, kwa utaratibu, nikipunguza makali. Nilishachagua na maneno. Mama akanizuia kwa mkono. Hii ni habari ya jikoni kwetu, akasema, wewe ulikuwa hujazaliwa.

Akamwambia kwa Kiswahili chepesi, anarudia rudia, na mikono inaonyesha. Treni. Vipele. Mlango wa jikoni. Bakuli. Alipofika kwenye kijiko alisimama kidogo. Nikafikiri ataruka. Hakuruka. "Mama alimpa Robin kijiko. Kwa mkono wake."

Jili akaweka kipande chake cha mkate sahanini. Nikajiambia sasa itakuwaje, miaka yote hii kwao wamesema ni watoto wa yaya, na sasa anaambiwa ni yaya mwenyewe.

Akasema, "Lakini mimi ndiyo nilileta na treni."

Mama akasema ulikuwa mtoto.

Jili akasema, Kabula alitaka sisi tupone.

Mama akasema ndiyo.

"Robin alipenda sana ile uji," Jili akasema. "Nyumbani yetu hapana pewa uji kama ile. Alikula akacheka." Anakumbuka! Anakumbuka Robin alikuwa na uji puani. Mama naye akakumbuka, na Maige alikuwa anampiga Robin kwa kijiko asimalize, na Minza mgongoni anadai titi. Wakaanza kucheka hao wawili, vibibi viwili, wanapokonyana maneno, nani alikaa wapi, bakuli lilikuwa la rangi gani. Jili anasema bluu. Mama anasema jeupe lenye ukingo wa bluu. Nimetoka nje nikawaacha. Nilijiona nimezidi.

Baadaye Jili akaniuliza kwa Kiingereza, makaburi ya hao wawili yako wapi, na mama yao aliwaliliaje. Nikamweleza kwamba hawakuliliwa, na mjomba kakataa. Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Akaniambia, nyumbani kwao Robin naye hakutajwa tena baada ya ile siku ya veranda. Picha zake zilifungiwa. Yeye alikatazwa. Alilia kwa Robin mara moja, shuleni, chooni, akachapwa.

Nimemtafsiria mama neno kwa neno safari hii. Mama akasema kumbe na wao.

Ijumaa, 13 Juni

Mjomba kapiga mwenyewe! Sikujua hata anajua kupiga, huwa anapigiwa.

Njooni kesho, kasema. Hakusema amekubali. Kasema dada yangu miguu imevimba, Nestory kaniambia, nami sitaki kuja kulaumiwa kaburini. Watoto wote wa hapa nimeshawapeleka kwa shangazi yao Getruda mpaka wiki ijayo. Na mimi mwenyewe sitakuwepo pale, msinitafute.

Halafu akauliza: na huyo mtoto wenu mnamwacha Mwanza? Nikasema anabaki na mama yake. Akasema vizuri, asije huku, wala asisikie.

Nikamwambia asante mjomba. Akasema usinishukuru, Justa, naogopa.

Mama kashinda anapiga pasi khanga moja. Hajala. Jasmin anasema bibi anaimba imba peke yake. Mimi nahangaika na gari la kukodi, chupa ya chai, dawa za mama, kiti cha plastiki cha Jili.

Jumamosi, 14 Juni. Magu, kwa mjomba

Naandika nimekaa garini, mlango uko wazi, nawaona vizuri. Mama kanifukuza nisimsimamie kichwani.

Tulianza na Robin. Ni nyuma ya jineri, ambayo sasa ni kuta na miti iliyoota ndani. Kaburi limo uani kwa watu. Jiwe dogo, herufi zimefutika, na juu yake mpunga umeanikwa kwenye turubai. Mwenye nyumba, dada mmoja mpole, aliona aibu sana, akaanza kukusanya mpunga mbio mbio. Jili akamzuia. Acha, acha, ni vizuri, yeye napata joto. Akaushika mpunga, akaupitisha kwenye vidole. Hakulia. Mama akamshikia fimbo muda wote huo, na yeye mwenyewe kusimama hawezi.

Kisha hapa. Ziwa limepanda tangu enzi zile, nusu ya matete imezama. Niliogopa mama atapotea. Wala! Alivua viatu, akaenda moja kwa moja mpaka kati ya mawe mawili, akasema hapa Maige, hapa Minza. Jicho moja na hakuhangaika. Maji yako karibu kabisa na miguu yake. Jili yuko kwenye kiti cha plastiki pembeni, kiti kinadidimia upande.

Na mjomba yupo! Alisema hatakuwepo. Yuko juu kule kwenye mawe ya boma lake, ametupa mgongo, kofia mkononi. Nyumbani kwake kimya, hakuna hata mtoto mmoja wa kufukuza kuku. Nikimtazama yule mzee na mgongo wake najua anafanya jambo gumu kuliko sisi wote.

Mama amewataja. Kwa sauti ya kawaida kwanza, kama anawaita kula. Maige. Minza. Halafu akakaa chini kwenye matope na khanga yake ya pasi. Nilitaka kukimbia, nikajizuia.

Jili ndiye aliyeanza kulia. Kilio cha Kizungu, cha kuvuta pumzi, kitambaa mdomoni. Mama akamwambia toa kitambaa. Toa, Jili, hapa ruhusa.

Sasa mama. Ni sauti ndogo, nilitegemea kubwa. Inatoka, inakatika, anameza mate, anaanza upya. Anasema Maige mwana wa mama, nilikuacha. Minza, nilikuacha. Inakuwa kubwa. Mjomba kule juu ameinama. Ee Mungu wangu, mama yangu analia, miaka yote hii ndiyo namsikia leo, na ni ile sauti ya mtoto mdogo, si ya —

Simu. Jasmin.

Maige anachemka. Ameamka na joto, hanyonyi vizuri, na tangu asubuhi ametoka vipele usoni na kifuani. Jasmin analia. Mama, ni ule? Mama, bibi ameshaanza?

Nimemjibu kwa kunong'ona. Ni chanjo, mwanangu. Nesi alisema siku ile, wiki moja au mbili baadaye joto kidogo, vipele kidogo, vinaisha vyenyewe. Mpe dawa ya joto. Mnyonyeshe. Akizidi, mchukue hospitali hapo hapo, usinisubiri. Ni chanjo. Nimesema hivyo kwa utulivu wa darasani. Na najua ni kweli! Ningemfundisha mtu yeyote hivyo hivyo na ningemsahihisha akikosea. Mikono haisikii. Tazama huu mwandiko.

Mama amenyamaza.

Ameiona simu. Anauliza toka kule chini, nani huyo? Nimesema watu wa mtandao, mama, wananiuzia vifurushi. Endelea. Nimeinamia daftari ili asinisome usoni. Jili naye ananiangalia.

Kule juu mjomba amegeuka.

"Justa," mama anasema. "Watu wa mtandao tangu lini wanamliza mtu?"

Nimejigusa shavu. Nimelowa mpaka shingoni, wala sikujua. Mama amekaa kwenye matope, mdomo uko wazi nusu, ananingoja mimi ndipo aendelee au aache. Mjomba ameanza kushuka kwenye mawe, anakuja huku, na kofia ameishika bado mkononi.